Sisimizi wa Koko Yangu

Ninajidunga sindano mara mbili kwa siku, asubuhi mbele ya kunywa chai na mangaribi mbele ya kula, kwa tumbo, leo upande huu, kesho upande ule. Watu wa nyumbani kwangu hawaniangalii tena. Bwana yangu anaweza kuniuliza chumvi iko wapi wakati sindano ingali mu ngozi, na mimi ninamujibu. Niko mwalimu wa kilasi ya tano hapa Bunia, na ugonjwa wa sukari ulinikuta nikiwa na miaka kumi na tisa. Nimekaa nao kuliko nilivyokaa na bwana yangu, na kati yao wawili sijui nani ananisumbua zaidi.

Sitaki munihurumie. Wale wenye kunihurumia ndio wananichosha. Ku matanga, ukikataa chai yenye sukari, mama mwenye nyumba anakutazama vibaya, eti unafikiri ametia kitu ndani ya kikombe. Ukimueleza, sasa ndio anaanza: "Eh, pole mama. Ata ndizi hauwezi kula? Ata bugali?" Ninakula bugali. Ngumi moja, na ni ngumi yangu, si ya bwana yangu. Mu mukoba ninatembea na bombo, zile pipi za watoto, kwa sababu kuna siku sukari inashuka katikati ya hesabu na chaki inaanza kutetemeka mukononi. Watoto wa kilasi yangu wanajua zile bombo ni dawa, na bado wananiibia. Dawa yenyewe, insulini, ninaiweka mu nyungu ya udongo iliyozungushwa muchanga wenye maji, maana umeme wetu unakuja siku unapotaka. Njia ikifungwa ao ndege ikikosa kufika, siye wagonjwa tunaanza kuulizana ni nani amebaki na chupa. Ni hivyo tu. Mutu anazoea.

Kila siku ya posho, Jumamosi asubuhi, ninaenda kituo cha afya cha kartie tunamokaa kuwasaidia wagonjwa wengine. Hakuna mwenye kunilipa. Ilianza siku moja nilipokuwa ku benchi ninangoja zamu yangu. Munganga wa pale, musichana mupole sana, alikuwa anaeleza wagonjwa habari ya sindano kwa sauti ya mutu anayeungama dhambi, nusu Kiswahili, nusu Kifaransa. Wazee walikuwa wanaitika tu kwa kichwa. Nikachoka. Nikasimama: "Munganga, unisamehe, lakini hawa watu hawajasikia kitu." Nikaeleza mimi. Wakati ule tulikuwa watu sita. Sasa, miaka saba kiisha, tunajaza chumba, na wenye kuchelewa wanakalia bidon zao za maji ku mulango.

Ninawafundisha kushika sindano bila kuiogopa, kuangalia miguu yao kila jioni mpaka katikati ya vidole, kuacha kunywa sukre, zile soda za chupa, kama vile ni maji. Na ninakaripia. Ninajijua, mudomo wangu ni mukali. Ukija na kidonda ulichoficha wiki tatu, nitakupatia zako mbele ya watu wote, kisha nitakuosha kile kidonda mimi mwenyewe.

Lakini niseme ukweli, watu hawakuwa wanakuja juu ya mafundisho ya miguu. Walikuja kusikia ile hadithi ya koko.

Koko yangu, yule aliyemuzaa mama, alikuwa anakaa upande wa Gety, na mwaka ule wa kumi na tisa nilikuwa nimeenda kumusaidia kupalilia muhogo. Mu wiki mbili nikakonda, suruali ikashikwa na kamba. Nilikunywa maji mpaka bidon inabaki tupu mbele ya saa sita, na kila mara nilikuwa nyuma ya migomba. Asubuhi moja koko naye akaenda nyuma ya migomba. Akakuta sisimizi wamejaa pale nilipokojoa, wamepanga mustari kama watoto wa masomo. Akaniita kwa sauti iliyofika ku kilima cha pili: "Weye mutoto! Uko unakojoa asali!" Hakuuliza mutu. Alinivalisha kikwembe chake kizuri, akanipeleka lopitali, na munganga wa kule akashangaa kwamba mama muzee asiyejua kusoma amekuja na jina la ugonjwa tayari. Ni koko aliniokoa, hiyo ni kweli kabisa.

Sasa mimi, mbele ya wagonjwa, hadithi ile sikuwa ninaisimulia, nilikuwa ninaicheza. Niliinama, mukono ku kiuno, macho chini, nikahesabu sisimizi mumoja mumoja kwa sauti ya koko. Nikafuata mustari wao taratibu mpaka ku viatu vya baba fulani wa benchi ya mbele, nikainua kichwa: "Na weye, papa?" Watu walicheka mpaka wanashika mbavu. Wagonjwa wapya waliletwa na wenzao kusudi waione. "Mwalimu, tupatie kwanza ya koko!" Nilijifanya sitaki, nikaangalia saa, nikasema leo tuko na kazi nyingi. Halafu nilifanya. Nilipenda sana.

Mwaka uliopita, mvua ilipoanza, akaja muzee mumoja mutu wa ng'ombe. Alikuwa ameacha kwao wakati wa mashida ya vita, na mu kundi lake lote zilibaki ng'ombe tatu, alizokuwa anazichunga pembeni ya mji, ku njia ya kwenda Kasenyi. Murefu, mukimya, kofia haimutoki kichwani. Bibi yake alikuja naye, mama mufupi mwenye kuangalia kila kitu. Muzee alikuwa ametoka tu kuanzishiwa sindano, na nilimuonyesha kujidunga mara moja tu. Mukono wake ulikuwa imara kuliko wangu. Alisema amewadunga ng'ombe tangu utoto, na ng'ombe anapiga teke.

Siku ile nilicheza ile ya koko, na yeye peke yake hakucheka. Nilipomaliza akainua kidole.

"Mwalimu, wale sisimizi walikuwa weusi ao wekundu?"

"Weusi, papa. Wale wadogo-wadogo wenye kupenda sukari."

"Na walikuja kiisha muda gani?"

"Eh, papa! Koko hakuwa na saa ku mukono!"

Chumba kikapasuka. Muzee akaitika kwa kichwa. Mutu wa ng'ombe anauliza namna ile. Anaangalia mavi, anaangalia pua, anashika masikio, na mbele ya munganga wa mifugo kushuka ku moto, pikipiki yake, yeye amekwisha kujua ng'ombe iko na nini. Hayo yote nilikuja kuyafikiri nyuma. Siku ile nilifurahi tu kwamba jibu langu lilichekesha.

Alikuja posho tano, sita, bila kukosa hata moja. Halafu posho mbili zikapita, hakuonekana. Hasira ikanishika. Wanaume wako vile, nilijiambia, wakipata nafuu kidogo wanatoroka. Siku ya mbili ya wiki, Jumanne, nilitoka ku masomo saa saba, nikapanda moto, na mu mukoba nikatia kimashini changu cha kupimia sukari pamoja na bandeleti, vile vikaratasi vya kupokea tone la damu. Ninavinunua mwenyewe, sipendi kuvitumia bure. Njia nzima nilikuwa ninapanga maneno ya kumupatia.

Nilimukuta amekaa pembeni ya zizi, bidon ya maji kati ya magoti. Yale maneno yote yakanitoka. Shati lilikuwa linaning'inia ku mabega kama liko ku kamba. Midomo imepasuka kwa kukauka. Nilipoinama kumusalimia, pumzi yake ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi, na harufu ile ninaijua. Mutu mwenye harufu ile hana siku nyingi kama hapati insulini.

"Papa, tangu lini haujidungi?"

"Siku tisa." Alisema kwa utulivu, kama mutu mwenye habari njema. "Nilipona, mwalimu."

"Nani alikuambia umepona? Munganga gani?"

"Niliangalia mimi mwenyewe. Kila asubuhi ninakojoa pale." Akanionyesha kona ya zizi. "Kisha ninangoja. Siku za kwanza walikuja wengi. Wakapunguka. Sasa ata mumoja haiko."

Damu ikanipanda. "Papa! Weye mutu muzima! Sisimizi iko na diplome gani? Nani alikudanganya ujinga kama huu?"

Bibi yake alikuwa ku mulango wa jikoni anamenya viazi. Akaacha kisu. Muzee akaniangalia bila hasira yoyote.

"Ni weye, mwalimu. Ulisema koko yako alijua kwa sisimizi. Na weye uko hai."

Nikatoa kimashini, maana mikono ilitaka kazi. Nikatoboa kidole chake, nikangoja. Hakikuandika namba, kiliandika herufi mbili tu, zenye maana kwamba sukari imepita mahali mashini inaweza kuhesabu. Nikamuonyesha.

"Mashini zinadanganya," akasema. "Walipima ng'ombe yangu ile nyeusi, wakasema haina mimba. Ndama yake ni ule."

Ndama alikuwa pale, anatafuna kamba. Nilimuomba muzee. Nilimutukana kidogo. Nilimuambia atakufa mbele ya siku ya yenga, mbele ya Jumapili. Akajibu kwamba watu wengine walimuambia hivyo zamani, na wao walikuwa na bunduki. Alivuta pumzi ndefu kila maneno matatu, akakunywa maji, akavuta tena. Bibi yake hakuondoa macho kwangu. Alikuwa ananingoja niondoe kile nilichokitia mu kichwa cha bwana yake, na mimi sikujua pa kuanzia.

Nikasimama, nikaenda kuiona ile kona. Udongo ulikuwa safi kabisa, hakuna kitu kinachotembea. Hata inzi, na ni zizi la ng'ombe! Ku muti wa pembeni kulitundikwa pompe ya kubeba mugongoni, na harufu yake ilinichoma pua.

"Mama, hii ni ya nini?"

"Dawa ya kupe," bibi akasema. "Tangu mvua ianze, kupe ni nyingi sana. Ni wiki tatu sasa anapuliza kila siku ya tano."

"Anapulizia wapi?"

"Pale pale unaposimama. Ng'ombe anafungwa pale."

Mungu wangu. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Lakini kumueleza kwa mudomo ilikuwa bure, maana mudomo wangu ndio ulimufikisha pale. Na yeye ni mutu wa kuamini macho yake. Nikamuomba mama vijiko viwili vya sukari. Aliniangalia kama nimepata wazimu, lakini akaleta. Kijiko kimoja nikamwaga mu kona ya zizi, juu ya jani. Kingine nikamwaga ku kizingiti cha jikoni, juu ya jani vilevile.

"Papa, hii si mukojo, ni sukari yenyewe, ya ku duka. Uangalie weye."

Tulingoja. Sijawahi kungoja kitu vile. Nilikuwa ninahesabu pumzi zake na zilikuwa zinakimbia. Nilifikiri: mwanamuke gani anakaa hapa kuchezea sisimizi wakati mutu anakufa mbele yake? Na mwanamuke mwenyewe ni mimi. Nilikuwa karibu kumushika kwa nguvu na kumuburuta, lakini mutu uliyemuburuta kwenda lopitali leo, kesho anaacha sindano tena.

Ku jikoni alikuja sisimizi mumoja. Akazunguka jani, akarudi. Akaleta wenzake. Kiisha muda kidogo mustari ulikuwa umetoka chini ya ukuta, mweusi, wenye haraka, na sukari ilikuwa inatembea. Muzee aliutazama vizuri. Halafu akajiinua kwa kushika muti wa zizi, akaenda ku kona, akainama juu ya lile jani lingine. Sisimizi mumoja alikuwa amefika karibu. Alikuwa amelala upande, miguu imekunjwa. Sukari haikuguswa.

Muzee alipogeuka kwetu alikuwa ametoa kofia, na ndiyo mara ya kwanza niliona mvi zake.

"Kumbe ni mimi niliwaua," akasema. Kisha akamuambia bibi yake: "Leta koti."

Hatua tatu tu, magoti yakamukatika. Tulisimamisha moto ku njia, tukamupandisha kati ya dereva na mimi. Nilimushika kwa nyuma mpaka lopitali, kifua chake kinapanda na kushuka mu mikono yangu, na ku mashimo ya njia nilikuwa ninamuambia Mungu maneno yasiyo ya adabu.

Siku mbili hakumujua bibi yake. Walimutundikia chupa za maji, moja kiisha ingine, na insulini. Mimi nilikuja kila siku kiisha masomo, nikakaa mu koridori. Siku ya ine ya wiki alifungua macho, akauliza nani ananywesha ng'ombe. Nikatoka nje, nikalia nyuma ya tanki ya maji, peke yangu, kwa sauti.

Niliporudi ndani, dokta alikuwa anatoka mu chumba na kitabu mukononi. Alikuwa anatikisa kichwa.

"Mwalimu, weye ndiye unawafundisha hawa. Ni nani alimuambia mambo haya ya sisimizi?"

Nikasema: "Wazee, dokta. Unawajua wazee."

Akacheka kidogo, akaenda zake.

Bibi ya muzee alikuwa amesimama nyuma yangu na termosi ya uji. Alikuwa amesikia yote. Haya ilinishika mpaka masikio yanawaka. Nilifikiri atanitukana, na ningefurahi anitukane, tungekuwa sawa. Alifungua termosi, akaonja uji kama iko na moto, akafunga.

"Mwalimu," akasema, "siku ile ulipocheza ile ya koko, siye hatukuwa peke yetu ku benchi."

Akaingia kwa bwana yake.

Nilirudi nyumbani kwa mguu, na njia nzima nilijitetea. Sikumuambia mutu aache sindano. Nilisema koko alijua nina ugonjwa, sikusema sisimizi wanajua ukipona. Mutu hawezi kubeba kila kitu ambacho wengine wanaongezea mu kichwa. Nilimueleza bwana yangu, naye akasema kitu cha akili: "Uache kuisimulia. Mwisho." Nilitaka sana iwe hivyo. Ningenyamaza, wangesahau, na hakuna mutu angejua. Usiku wa siku ya tano nilikuwa nimekwisha kukubali kunyamaza. Lakini posho asubuhi, wakati wa kujidunga, sindano ikiwa tayari mukononi, nilifikiri ni nani mwingine asubuhi ile ameiacha yake mu nyungu.

Chumba kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na wagonjwa wawili wapya, wamewekwa mbele, na wenzao walikuwa wamekwisha kuwaambia nini kinakuja, maana walikuwa wanatabasamu.

"Mwalimu, ya koko!"

"Leo nitawaambia," nikasema, "lakini mukae kimya."

Wakaanza kucheka bila kuningoja, wanajua penye kucheka. Sikuinama. Sikushika kiuno. Niliwaambia nikiwa nimesimama wima, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba koko aliona sisimizi na akanipeleka lopitali, na kazi ya sisimizi iliishia pale. Hawajui ukiwa umepona. Wanakufa kwa dawa ya kupe, wanakimbia majivu, mvua inawafukuza, na sukari yako inabaki palepale. Niliwaambia juu ya muzee wa ng'ombe, ambaye wote walimujua kwa kofia yake. Niliwaambia yuko lopitali kwa sababu alinisikiliza mimi, na kwamba dokta aliniuliza na nikamudanganya.

Kicheko kilikuwa kimekatika zamani. Munganga wetu mupole alikuwa ananiangalia, kalamu imesimama. Nje dereva wa moto alikuwa anaita abiria. Nilingoja mutu anitukane.

Mama mumoja wa benchi ya nyuma, mwenye kuuza samaki, akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, na siye tulioacha sindano kwa kuangalia sisimizi?"

"Siye nani, mama?"

Alinyosha mukono, akauacha juu. Pembeni yake papa mumoja akanyosha wake. Kisha wawili wa benchi ya mbele, wale ambao kila posho walikuwa wa kwanza kuniomba, wakaangaliana na kunyosha yao. Niliwajua wote. Nilijua kicheko cha kila mumoja wao, na nilikuwa nimekifurahia kila wiki, na wao wakati ule walikuwa wanajifunza.

Sikumukaripia mutu. Nilifungua mukoba, nikatoa kimashini, nikapita kati ya benchi mpaka nyuma, nikapiga magoti mbele ya yule mama wa samaki. Nikamuomba kidole chake, na ni yeye alinishika mukono ili niache kutetemeka.